Tusiwafiche Watoto Hali Zetu

Wazazi wenzetu,


Katika kurasa kama hizi yamekwisha kuandikwa mengi juu ya malezi ya watoto wetu ugenini: lugha yao, chuo chao cha Qur'ani, adabu zao na marafiki zao. Hayo yote ni ya haki. Lakini liko jambo moja ambalo tukikutana msikitini au harusini hatulitaji kabisa, ijapokuwa ndilo linalowakosesha usingizi wengi wetu, nalo ni fedha. Kila mmoja humwambia mwenzake, "Alhamdulillahi, twaenda vizuri," kisha akarudi nyumbani kuhesabu sarafu za mita ya umeme. Tumeona bora tuandike sisi, mume na mke wa hapa Sparkbrook, wenye watoto wanne. Hatuandiki kwa kuwa tumefuzu. Twaandika kwa kuwa tulikosea, na kosa lenyewe likatufunza.

Nyumba yetu ni ya kupanga, yenye vyumba viwili vya kulala, katika mtaa mmoja unaotokea Stratford Road. Mmoja wetu hufanya kazi ghalani usiku, na mwengine husafisha ofisi saa chache za jioni. Mmoja akiingia mwengine hutoka, na mara nyingi tumesalimiana mlangoni kama wasafiri bandarini. Kipato chetu ni mishahara hiyo miwili midogo na msaada tunaostahiki kwa mujibu wa sheria ya nchi hii. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, posho ya watoto iitwayo Child Benefit ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na pauni 17.25 kwa kila anayefuatia. Kwa watoto wanne hiyo ni pauni 77.80. Asiyelea ataziona nyingi. Mwenye kulea ajua kuwa viatu vya jozi mbili na koti moja la baridi vyazimaliza zote kabla ya jua kuchwa.

Katika kubana matumizi tulikuwa hodari, au ndivyo tulivyodhani. Kuku tulimnunua mzima wala si vipande, tukampika siku tatu: siku ya kwanza mchuzi, siku ya pili pilau ya masalio, siku ya tatu supu ya mifupa. Mbaazi, choroko na maharage tulizinunua kavu, tukazirowesha tangu usiku ili zisile gesi nyingi. Mchele tulichukua gunia pamoja na jirani, tukagawana. Mboga tulizitafuta Ladypool Road jioni, wenye maduka wanapotaka kufunga, au tulikwenda kwa miguu hadi soko la Bull Ring, ambako matunda huuzwa kwa bakuli, na nauli ya basi ikawa ndiyo bei ya bakuli jengine. Nguo za Idi tulizishona wenyewe kwa kitambaa cha Rag Market. Siku ya mapumziko tuliwapeleka watoto Farm Park, kwa kuwa kukimbia katika majani hakuna kiingilio. Bustani hiyo zamani ilikuwa milki ya ukoo wa Lloyd, na Sampson Lloyd wa ukoo huo ndiye aliyeanzisha, pamoja na John Taylor, benki iliyofunguliwa hapa Birmingham mwaka 1765 na ambayo jina lake lingali juu ya milango mingi. Tulikuwa tukicheka kuwa katika mali yote ya wenye benki, fungu letu sisi ni kivuli cha miti.

Basi tulijiona wazazi wema. Watoto walikula, walivaa, walicheka. Na katika jumla ya wema wetu tulihesabu hili: kwamba watoto hawajui kitu. Mazungumzo ya fedha tuliyafanya usiku jikoni, mlango umefungwa, sauti chini. Wakiuliza habari ya kitu wasichoweza kupata, tuliwajibu kwa uongo mdogo: duka limefungwa, kitu hicho si kizuri, safari hiyo inachosha. Tukisema moyoni kwamba mtoto aachwe awe mtoto.

Mwezi wa Oktoba 2024 mmoja wetu alikuwa akisafisha mkoba wa skuli wa mwana wetu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 10 na yumo katika darasa la mwisho la skuli ya msingi. Chini kabisa ya mkoba alikuta karatasi tatu zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama hirizi. Zote zilihusu jambo moja. Skuli ilikuwa ikiwaarifu wazazi kuwa mwezi wa Mei watoto wa darasa hilo watakwenda Wales kwa siku tatu, kupanda milima na kupiga makasia, kwa gharama ya pauni 180. Karatasi ya kwanza ilikuwa barua yenyewe, ya pili ukumbusho, na ya tatu ukumbusho wa mwisho. Katika hiyo ya mwisho palikuwa na visanduku viwili, kimoja cha anayekwenda na kimoja cha asiyekwenda. Mtoto ametia alama katika kile cha asiyekwenda, na chini yake ameandika jina la baba yake kwa hati aliyojitahidi ifanane na ya mtu mzima.

Tulimwita tukamuuliza. Kwanza alisema, "Mimi sipendi kulala nje. Na huko kuna baridi." Tulimwambia aseme kweli, kwani hatumpigi. Akatazama chini muda mrefu, kisha akasema, "Mama, nilikusikieni jikoni. Mlisema mkimpelekea Bibi pesa, mita haitafika Ijumaa."

Kwa muda wa dakika moja tulikaribia kujisifu. Tazama mtoto mwema, mwenye huruma, anayewaonea imani wazazi wake! Lakini usiku ule, tulipobaki wawili, furaha hiyo haikukaa. Mtoto wa miaka 10 alikuwa amebeba barua zile kwa wiki nyingi peke yake. Alikuwa akiwasikiliza wenzake wakiizungumza safari, naye akinyamaza. Alikuwa ameghushi saini ya baba yake. Na yote hayo hakufunzwa na watoto wabaya wa mitaani, tulimfunza sisi. Tulimfunza kwamba uhitaji ni aibu, kwamba aibu hufichwa, na kwamba njia ya kumpenda mtu ni kumdanganya kwa ajili ya raha yake. Aliyeficha barua ya safari leo, kesho ataficha nini? Akionewa skuli, je, atasema? Akiumwa? Akifuatwa na watu wenye nia mbaya wanaompa fedha? Wazazi wenzetu, hapo ndipo tulipoogopa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa tumeificha hali yetu hata kwa wale tuliowazaa.

Asubuhi yake tulikwenda skuli, jambo tulilolichelewesha miaka mingi kwa haya. Tulieleza hali yetu kwa maneno machache. Jibu tulilopewa lilituduwaza. Kwa mujibu wa sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1996, shughuli inayofanyika katika saa za masomo haitozwi ada. Skuli yaweza kuomba mchango wa hiari tu, na mtoto hawezi kuachwa nje kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Na katika safari ya kulala ambayo ni sehemu ya masomo, wazazi wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali, ukiwamo Universal Credit kwa masharti yake, husamehewa malipo ya malazi na chakula. Nasi tulikuwa tukipokea. Haki hiyo ilikuwapo siku zote, na haja yetu ilikuwa kuuliza tu. Tulichangia tulichoweza, pauni 5 kwa wiki, na mwezi wa Mei mtoto akaenda Wales. Alirudi na viatu vimejaa matope na hadithi zilizotuchosha masikio kwa mwezi mzima.

Baada ya hapo tulianzisha nyumbani kwetu kitu tunachokiita baraza. Kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri hutandika mkeka, tukakaa sote, mkubwa na mdogo. Tunazo bahasha tano: ya kodi, ya umeme na gesi, ya chakula, ya nauli na nguo, na ya Bibi aliyeko Wete. Pembeni huwapo kopo la sadaka, na kila mtoto hutia ndani yake japo senti, maana hatutaki wajione kuwa ni watu wa kupokea tu. Mwana wetu mkubwa ndiye karani, huandika katika daftari. Binti yetu husoma mita na kutupa habari yake. Wale wadogo hupanga sarafu kwa ukubwa, na kazi hiyo wanaiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote.

Hatukuyapata mambo haya sawasawa tangu mwanzo. Katika baraza la tatu, binti yetu, wa miaka 8 wakati huo, aliuliza mbele ya wote, "Kwa nini tunampelekea Bibi pauni 40 kila mwezi, na koti langu halifungiki?" Sisi wawili tulitazamana. Lau angeuliza zamani tungemkaripia kwa utovu wa adabu. Lakini swali lilikuwa la haki, na koti kweli lilikuwa halifungiki. Tulimweleza kwamba Bibi hana mshahara wala posho, kwamba yeye ndiye aliyewalisha wazazi wake walipokuwa wadogo kama yeye, na kwamba zamu yake ya kulishwa imefika. Kisha tulikubaliana mbele yake kuwa mwezi ule Bibi atapelekewa pauni 30, na kumi zitafute koti. Koti lilipatikana kwa pauni 8 katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika. Pauni 2 zilizobaki, binti mwenyewe alizirudisha katika bahasha ya Bibi bila ya kuambiwa.

Tulikosea pia kwa upande wa pili. Baada ya wiki chache tuliona binti huyohuyo anaacha matunda katika sahani na kusema ameshiba. Alikuwa akipunguza gharama! Hapo tulifahamu kuwa kumwambia mtoto kweli si kumtwika mzigo. Tukaweka kanuni tatu. Kwanza, chakula hakimo katika mashauri ya watoto. Kilichopikwa kiliwe mpaka kushiba. Pili, watoto huambiwa tunacho kiasi gani na tunafanya nini, lakini madeni na hofu zetu ni zetu sisi wakubwa. Tatu, mtoto akileta karatasi yoyote kutoka skuli hatukasiriki, hata kama jibu ni hapana. Na hapana tunazisema nyingi. Tofauti ni kuwa sasa tunazisema kwa sababu yake ya kweli.

Tulipoacha kuwaficha watoto, tuliona kuwa tulikuwa tumewaficha na wengine. Katika msimu wa joto wa mwaka 2023 friji yetu iliharibika. Hatukumwambia mtu. Tulikwenda kwenye duka moja linalouza kwa malipo ya kila wiki, tukatia saini karatasi ambayo hatukuisoma mpaka mwisho, na friji ile tukailipia karibu mara mbili ya bei yake. Licha ya hasara tuliingia katika riba, sisi tunaowafunza watoto wetu kuwa riba ni haramu. Wakati huohuo, nyumba ya nne kutoka kwetu, kina mama wa kwetu walikuwa na upatu wao: watu kumi, pauni 20 kila mmoja kila wiki, kijumbe mwaminifu, na mwenye dharura huruhusiwa kupokea mbele ya zamu yake. Lau tungesema neno moja tu tungepata pauni 200 bila ya riba na bila ya kutia saini popote. Kwa kuogopa kuonekana wahitaji tulilipa fedha ambazo hatukuwa nazo. Leo tumo katika upatu huo, na twawahimiza wenzetu wa miji mingine waufufue, ilimradi wawe ni watu wanaojuana na hesabu ziandikwe.

Na zipo haki nyengine zinazopotea kwa haya au kwa kutojua. Tangu Septemba 2014 kila mtoto wa skuli ya serikali hapa England, kuanzia darasa la Reception hadi la Year 2, hupewa chakula cha mchana bila ya malipo, awe mzazi wake tajiri au masikini. Kwa madarasa ya juu zaidi huangaliwa kipato, na hapo ni lazima kuomba. Hata baadhi ya jamaa ambao ruhusa zao za kuishi zinawazuia kutumia fedha za umma huweza kuomba chakula hicho, kwa masharti ya kipato. Lakini wenye ruhusa za namna hiyo wasiombe posho yoyote kabla ya kushauriana na mjuzi wa sheria za uhamiaji, kwani kosa moja laweza kuharibu makaratasi yao. Juu ya sare, sheria ya mwaka 2021 inazitaka skuli zizingatie gharama, na miongozo yake inataka sare zilizokwisha kutumika ziwe zinapatikana. Ulizeni ofisini kwa skuli, hakuna ubaya.

Wengine wetu, tukiwamo sisi, tuliguswa na sheria ya watoto wawili. Universal Credit haikuwa ikimhesabu mtoto wa tatu na anayefuatia aliyezaliwa tarehe 6 Aprili 2017 au baada yake, na wetu wawili wa mwisho wamezaliwa mwaka 2018 na 2021. Kwa miaka yote hiyo tulilisha wanne kwa hesabu ya wawili. Katika bajeti ya Novemba 2025 serikali ilitangaza kuwa kikomo hicho kitaondolewa kuanzia Aprili 2026. Kila anayehusika na ahakikishe kuwa watoto wake wote wameandikishwa katika hesabu yake, kwa kuwa asiyeandikishwa hahesabiwi.

Limebaki moja. Baada ya kusema kweli kwa watoto na kwa majirani, alibaki Bibi. Kila tulipompigia simu tulimwambia kuwa Ulaya ni neema tupu. Mwezi ule tulipompunguzia pauni 10 ilitubidi tumweleze sababu. Tulimweleza kila kitu: mita, friji, barua zilizokunjwa mkobani. Alinyamaza hata tukadhani simu imekatika. Kisha akatuhadithia jambo ambalo mmoja wetu, aliyezaliwa na yeye, hakupata kulisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mchele na sukari vilipoadimika Visiwani, alikuwa akipakua chungu chote kwa watoto wake, na wakimuuliza mbona yeye hali, akiwajibu, "Nimeshakula." Akasema, "Mwanangu, mlikuwa mkiniamini. Nami nilikuwa nikifurahi kuwa mnaniamini. Lakini usiku nilikuwa nikilia, kwa kuwa hapana hata mmoja aliyejua kuwa nina njaa."

Mjukuu wake alikuwa amekaa karibu, anasikia. Naye ndiye aliyesema, "Bibi, na mimi nilisema sipendi kulala nje."

Basi neno hilo limepita vizazi vitatu, kutoka jiko la kuni la Wete mpaka jiko la gesi la Sparkbrook, kila mmoja akimdanganya mwenzake kwa mapenzi, na kila mmoja akilia peke yake. Sisi tumeazimia lisifike kizazi cha nne. Hatuwezi kuwaahidi watoto wetu kuwa tutakuwa na fedha, maana riziki i mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Tuwezalo kuwaahidi ni kwamba katika nyumba hii mwenye njaa atasema ana njaa, na mwenye barua ataileta.

Jumamosi ijayo, baada ya Alasiri, jaribuni kutandika mkeka. Wekeni sarafu mlizonazo mbele ya watoto wenu, nyingi au chache, mkawasikilize watakavyosema.

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika malezi,
Mume na mke wa Sparkbrook